Mtoto wa Kibarua Naye Apewe Dawati

Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, watu huanza kuingia katika Mkoa wa Katavi kutafuta kazi. Wapo watokao Kasulu na Kibondo, wapo watokao Tabora na Shinyanga, na wapo wavukao mpaka kutoka Burundi. Wengine hushuka kutoka katika treni ya Kaliua, wengine huja kwa mabasi, na wengine hupanda juu ya malori ya mizigo. Waendako ni mashamba ya tumbaku ya Inyonga, Nsimbo na Mishamo, au majaruba ya mpunga ya Mpimbwe, au machimbo madogo ya dhahabu ya Ibindi na Dirifu. Wanaume huja na majembe, wanawake huja na masufuria, na nyuma yao huja watoto. Ni juu ya watoto hao tunapotaka kusema leo.

Mtu akihesabu nguvu ya kazi ya mkoa huu, huhesabu mikono ya watu wazima. Akihesabu mavuno, huhesabu marobota ya tumbaku na magunia ya mpunga. Mtoto aliyekuja na baba yake hahesabiwi popote. Katika shule aliyoiacha jina lake limepigwa mstari kuwa ni mtoro. Katika kijiji alichofikia jina lake halijaandikwa. Kwa muda wa miezi kumi hivi yeye si mwanafunzi wa shule yoyote katika nchi ambayo sheria yake ya elimu ya mwaka 1978 imemlazimisha kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe na ahudhurie shule mpaka amalize. Hasara ya masomo twaifahamu sote. Lakini iko hasara nyingine, ya moyo na akili, ambayo haionekani katika daftari la mahudhurio, na ambayo mtoto huibeba mpaka utu uzima wake.

NCHI YA WATU WALIOKUJA

Kuhama kufuata kazi si jambo geni katika upande huu wa nchi. Zamani za mkoloni, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa mkonge iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwachukua ndugu zetu wa Uha kwa maelfu na kuwapeleka mashamba ya mbali, wakaitwa manamba. Mji wa Mpanda wenyewe ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Uruwira, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu wengi wakabaki.

Baada ya mauaji ya mwaka 1972 katika Burundi, walikuja wakimbizi wakafungua mapori ya Katumba, na kuanzia mwaka 1978 wengine wakakaa Mishamo. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu katika Tabora. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma nao wameshuka kwa miaka mingi na ng'ombe wao mpaka bonde la Rukwa. Kwa hiyo, pamoja na wenyeji wa asili, yaani Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, Katavi ni nchi ya watu waliokuja.

Hesabu zathibitisha jambo hilo. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ulipotengwa na Mkoa wa Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilikuta watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine katika Tanzania ulioongezeka kwa kasi hiyo. Maana yake ni kwamba, hata kama mkoa ungalijenga kila darasa lililokuwapo mwaka 2012 mara ya pili, watoto wangalibanana vile vile. Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima katika shule za msingi na sekondari mpaka kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, watoto waliongezeka milangoni. Mwalimu wa Katavi ana mzigo mzito, na yeyote asemaye juu ya shule za mkoa huu yampasa aanze kwa kumheshimu mwalimu huyo.

KALENDA MBILI

Matatizo ya mtoto wa kibarua huanza na kalenda. Mwaka wa shule huanza Januari. Mwaka wa tumbaku huanza Agosti au Septemba, wakati vitalu vinapopandwa. Miche huhamishiwa shambani mvua zinapokolea, Novemba na Desemba. Kuanzia Januari majani huvunwa na kukaushwa katika mabani, na moto wa bani hautakiwi kuzimika usiku wala mchana mpaka majani yakauke. Kisha hufuata kuchambua na kupanga madaraja, na soko huendelea mpaka katikati ya mwaka. Ndipo kibarua hulipwa, ndipo hurudi kwao.

Tuitazame sasa safari hiyo kwa macho ya mtoto wa darasa la nne. Aondoka kwao Agosti, robo tatu za masomo ya mwaka zikiwa bado hazijakamilika. Upimaji wa darasa la nne hufanyika karibu na mwisho wa mwaka, na majina ya watahiniwa huandikishwa miezi mingi kabla. Siku ya upimaji, jina lake liko Kasulu na mwili wake uko Inyonga. Januari wenzake waingia darasa la tano, naye yuko shambani. Arudipo kwao Julai, aambiwa arudi nyuma. Mwaka unaofuata mambo ni yale yale. Mtoto wa namna hii aweza kufika miaka 13 akikaa pamoja na watoto wa miaka 9, magoti yake yakigusa dawati kwa chini, na watoto wadogo wakimcheka. Siku moja haji tena. Wazee husema ameikataa shule. Ukweli ni kwamba shule na kazi ya wazazi wake hazikuwahi kupatana hata mwaka mmoja.

Liko pia jambo la lugha. Mtoto wa Kiha, wa Kirundi au wa Kisukuma ambaye nyumbani hasemi Kiswahili, na ambaye hajakaa shuleni muda wa kutosha kukizoea, aingiapo darasa geni hunyamaza. Akiulizwa hatazami juu. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake aweza kudhani kwamba mtoto huyo ni mzito wa akili, kumbe akili yake ni nzima, ila maneno ndiyo hayajafika.

UGONJWA USIO NA KIDONDA

Tusemapo afya ya akili, watu wengi hufikiri wazimu, na Hospitali ya Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Hilo ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Afya ya akili ya mtoto ni usingizi wake, hamu yake ya kula, uwezo wake wa kucheza na wenziwe, na matumaini yake kwamba kesho itafanana na leo. Mtoto ambaye kila mwaka huondolewa mahali alipozoea, bila kuambiwa siku ya kuondoka wala siku ya kurudi, hujifunza kutomzoea mtu. Hafanyi rafiki, maana rafiki atamwacha. Hajali daftari, maana daftari litapotea njiani.

Dalili zake zaonekana, kama mtu akizitafuta. Mmoja huumwa tumbo au kichwa kila asubuhi, na zahanati haioni ugonjwa. Mwingine, aliyekwisha acha kukojoa kitandani, huanza tena. Mwingine hupigana kwa jambo dogo. Mwingine, naye ndiye wa kuhofiwa zaidi, huwa mpole mno, hasemi, hachezi, na kwa kuwa hamsumbui mtu hakuna amwangaliaye. Mzazi huyaita mambo hayo utundu au uvivu, na dawa yake huwa fimbo.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya maradhi yote ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na kwamba mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Zamani, mwaka 1951, daktari Mwingereza John Bowlby aliliandalia Shirika hilo taarifa juu ya watoto waliotengana na wazazi wao. Alionyesha kwamba mtoto huhitaji upendo usiokatika, wa mama yake au wa mtu mwingine asimamaye mahali pa mama, kama vile mwili unavyohitaji chakula. Wazee wetu walilijua jambo hilo kabla ya vitabu. Ndiyo sababu katika ukoo mtoto hakuwa wa mama mmoja tu: alikuwa na shangazi, bibi na mjomba. Lakini kambi ya vibarua haina shangazi wala bibi. Ina wazazi wawili waliochoka na majirani wasiojuana.

Kazi yenyewe nayo humdhuru mtoto. Majani mabichi ya tumbaku, hasa yakiwa na umande au mvua, hutoa sumu yake ya nikotini ikapita katika ngozi, na mtu hupata kizunguzungu na kutapika. Mwili mdogo huathirika upesi zaidi. Katika machimbo, zebaki inayotumika kukamatia dhahabu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto ungali unakua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, nayo imetaja uchimbaji wa migodi na ubebaji wa mizigo mizito. Kwa kazi nyepesi imeweka umri wa miaka 14. Sheria tunayo, linalobaki ni kuitimiza.

Na kwa msichana hatari ni zaidi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha zaa au wana mimba, kiwango kilichoshinda cha mikoa yote ya Tanzania. Si wote walikuwa watoto wa vibarua. Lakini msichana aliye nje ya shule, mbali na ndugu, katika kibanda kisicho na mlango wa kufunga, hana ukuta wowote wa kumkinga. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatizwa masomo kwa kujifungua huruhusiwa kurudi shuleni. Yafaa kila mzazi alijue jambo hilo.

ANAYEACHWA NYUMBANI

Wapo wazazi wasemao: basi, sisi humwacha mtoto kwa bibi yake, asome. Uamuzi huo mara nyingi ni wa hekima, nasi hatuwalaumu. Lakini aachwaye naye ana mzigo wake. Katika China, Shirikisho la Wanawake la nchi hiyo lilikadiria mwaka 2013 kwamba watoto wapatao milioni 61 walikuwa vijijini huku baba au mama, au wote wawili, wakifanya kazi mbali. Walimu wa huko waliona mambo yale yale ya hapa: watoto wenye chakula, wenye madaftari, na wenye huzuni.

Bibi hulea kwa nguvu alizobakiwa nazo. Mjukuu wa kike huchota maji, hupika, na humwuguza bibi huyo akiugua. Wazazi wakikaa kimya miezi mitatu, mtoto hujiuliza kama wamemsahau. Watu wazima hujua kwamba kimya kimetokana na kukosa vocha ya simu. Mtoto hudhani kimetokana na kosa lake mwenyewe. Sauti ya baba katika simu ya jirani, dakika tano tu kila Jumapili, kwa mtoto huyo ni dawa.

MZIZI NI UJIRA

Sasa tuuliize: kwa nini mzazi humchukua mtoto akijua shule itakatika? Jibu si ujinga. Mara nyingi kibarua wa tumbaku hupatana kwa msimu mzima. Hupewa chakula na mahali pa kulala, na fedha zake hungoja tumbaku iuzwe. Mkulima aliyemwajiri naye hungoja malipo yake kupitia chama cha msingi. Katika miezi yote ya kungoja, kibarua hana shilingi ya kumpelekea bibi. Basi ni rahisi kumleta mtoto mahali penye ugali kuliko kumwacha mahali pasipo na ugali. Na akiisha fika, eneo la shamba walilopatana ni kubwa, siku ni chache, na mikono miwili midogo husaidia. Hivyo mtoto huingia kazini bila mtu yeyote kusema, "Nimemwajiri mtoto."

Kwa hiyo kila asemaye juu ya elimu ya mtoto huyu bila kusema juu ya ujira wa baba yake asema nusu ya jambo. Kibarua akilipwa sehemu ya fedha zake kila mwezi, bibi atapata unga na mtoto atabaki darasani.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wasemao: hawa ni wapita njia, shule zetu zimejaa watoto wetu wenyewe, tuwaweke wapi wa wageni? Twaijibu hoja hiyo kwa hesabu. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, ambao sheria iliurekebisha mwaka 2017 kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Ushuru wa tumbaku hauulizi kama jani lilivunwa na mwenyeji au na mgeni. Fedha iliyotoka katika jasho la kibarua imekwisha kuingia katika mfuko wa halmashauri, na kutoka mfuko huo hununuliwa madawati. Mtoto wake aombapo nafasi katika dawati, haombi sadaka. Tena wengi wa wanaowaita wenzao wageni ni wana wa watu waliofika hapa wakiwa na mizigo vichwani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mashamba ya Katavi mwenyeji amepona kweli kwa mikono ya mgeni.

Wako pia wasemao: kazi ni malezi, sisi tulilelewa kwa jembe na hatukuharibika. Ni kweli, na hakuna atakaye watoto wasiojua jembe. Lakini mtoto aliyemsaidia mama yake palizi baada ya shule, katika shamba la nyumbani, kisha akalala usingizi wake, alilelewa. Mtoto akeshaye kwenye moto wa bani katika shamba la mtu mwingine, asiyejua herufi na asiyejua atalala wapi mwaka ujao, hakulelewa. Ametumiwa.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, mtoto apokewe shuleni siku ile ile afikapo. Barua ya uhamisho, cheti cha kuzaliwa na sare vifuate baadaye. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi hupewa namba yake katika mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Namba hiyo mzazi aiandike katika karatasi, aiweke pamoja na kitambulisho chake, ili mwalimu wa Inyonga aweze kumjua mtoto wa Kasulu. Jambo la namna hii limefanyika kwingine: Marekani ilianzisha mwaka 1966 mpango maalumu wa elimu kwa watoto wa vibarua wa mashambani waliohama kufuata mavuno, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuhakikisha kwamba kumbukumbu za mtoto zamfuata kila aendako.

Pili, vyama vya msingi vya ushirika viutazame mkataba wa kibarua kama vinavyoutazama mkopo wa mbolea. Siku ya mapatano yaulizwe maswali mawili: una watoto wangapi, na watasoma wapi? Na sehemu ya ujira ilipwe kabla ya soko. Vyama vya wafanyakazi navyo visidhani kwamba kazi yao huishia katika viwanda na ofisi. Kibarua wa bani ni mfanyakazi.

Tatu, mwenyekiti wa kitongoji amwandikapo mgeni mpya, awaandike na watoto wake, na orodha hiyo aipeleke kwa mwalimu mkuu. Hilo halihitaji bajeti. Lahitaji kalamu na nusu saa.

Nne, mwalimu. Hatumwombi awe daktari. Twamwomba alijue jina la mtoto mgeni siku ya kwanza, amkalishe karibu na mtoto mwingine asemaye lugha yake, asimrudishe darasa la nyuma kabla ya kumpima, na amwangalie hasa yule aliye kimya. Katika kila shule pawepo mwalimu wa ushauri nasaha ajulikanaye na watoto wote, ambaye mtoto aweza kumwendea bila kuogopa fimbo. Naye mwalimu huyo apewe mafunzo, kwa maana moyo mwema peke yake hautoshi.

Tano, sisi wazazi. Mtoto aambiwe mapema kwamba tutaondoka, lini, na kwa nini. Aachwe awaage rafiki zake na mwalimu wake. Daftari lake lifungwe katika mzigo kama sufuria lifungwavyo. Yeye anayeachwa apewe siku ya kupigiwa simu, na siku hiyo itunzwe. Mambo hayo hayagharimu kitu, nayo humwambia mtoto kwamba yeye ni mtu.

Ndugu wanachama na ndugu wafanyakazi, msimu utaanza tena, na malori yatafika tena katika vituo vya Mpanda na Inyonga. Hatuwezi kuwazuia watu wasitafute riziki, wala si haki kuwazuia. Lakini twaweza kukubaliana jambo moja kabla hawajafika: kwamba katika kila kijiji kinachopokea mikono ya baba, shule ya kijiji hicho itampokea mtoto, itaandika jina lake, na itamtafuta asubuhi asipoonekana. Mtoto anayejua kwamba atatafutwa akikosekana amekwisha kupata nusu ya afya yake. Nusu iliyobaki ataipata akiwa amekaa kwenye dawati.